Baba Esta ku Ukuta

Siku ya tatu ya juma, 20 Desemba

Leo tena kupaka nyumba. Nilianza chini, udongo mwekundu, mikono mpaka ku viwiko. Kila mwaka mbele ya Noeli ni vile: nyumba inavaa mupya hata kama sisi hatuvae. Mutoto wangu Esta akaomba apake ukuta wa mulango. Ana miaka sita, hanyamaze. Nikamupa udongo mweupe wa mpemba, makala ya kusaga, na kijiti alichotafuna ncha. Akapaka Maria, Yosefu, na mutoto Yesu ndani ya beseni ya samaki. Punda ilimushinda, akafanya mbuzi.

Kisha akapaka baba yake. Amesimama karibu na Yesu, mweupe wote, macho kama visahani.

"Juu ya nini macho makubwa vile?"

"Juu aone kwetu."

Bwana yangu, baba Esta, alivuka ziwa kwenda Kilwa, ile ya Congo, kuuza vitenge. Alisema atarudi mbele ya Noeli. Esta alimuombea, basi kwake imekwisha, atarudi tu. Mimi niko naogopa maji.

Siku ya tano, 22 Desemba

Upepo tangu asubuhi. Telefone yake haina rezo, haipatikane. Ku bandari yetu ya Kashikishi banasema mutumbwi mumoja wa motere ulitoka Kilwa jana, haujafika. Hakuna anayejua nani alikuwa ndani. Nilirudi nyumbani.

Mama Chola, jirani yetu, alipita akaona ukuta. "Awe, mayo! Mutu yuko ku maji, na munamupaka mpemba? Ile ni rangi ya bale balikufa!" Nikacheka mbele yake. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Siku ya posho, mwisho wa juma, 23 Desemba

Nimefanya ubaya. Esta alikuwa ku kanisa, mazoezi ya nyimbo. Nilichukua kitambaa na maji, nimufute baba yake tu. Mpemba haikutoka. Ilienea. Macho yakaenda, maji ikashuka kifuani, ikashuka miguuni. Nikarudi nyuma kuangalia: mutu aliyezama. Na ni mimi nilimumwangia maji. Mungu wangu, mikono yangu hii!

Esta alirudi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Sasa ataona njia na nini?"

Siku ya Mungu, 24 Desemba

Hakuna habari. Upepo ni ule ule. Sikupitia mulango wa mbele siku nzima.

Noeli

Kanisa. Batoto baliimba. Esta alipita bote kwa sauti, macho amefunga. Mimi sikusikia neno. Niko na hasira na Mungu, naandika vile iko. Kama hatamurudisha, nitamuambia nini mutoto huyu?

Tulikula wali na kuku. Esta akatenga sahani ya baba yake, na paja juu.

Mchana nikakoroga mpemba. Mama Chola aseme anachotaka. Nikapiga magoti mbele ya ukuta, nikamurudishia macho, kwa kidole. Jicho moja likatoka kubwa kupita lingine. Esta alikuwa nyuma yangu.

"Ongeza."

Nikaongeza.

Siku ya tatu ya juma, 27 Desemba

Amerudi. Yuko muzima. Kilwa bakubwa ba bandari balikataza batu kuvuka, juu ya upepo. Ule mutumbwi mwingine ulijificha ku kisiwa, batu bote bazima. Amekonda, ananuka petroli. Nilimupiga ngumi kifuani, kisha nikamushika, sikumuachia. Mama Chola alicheza mpaka kitenge yake ikafunguka.

Baba Esta akasimama mbele ya ukuta, akauliza ni nani huyu mwenye macho ya bundi. "Ni weye," Esta akasema, akaenda kucheza.

Jioni mutoto alikuja kujilaza karibu yangu. Nikamuambia imani yake iko na nguvu kupita yangu. Akatingisha kichwa.

"Mama, nilimupaka juu nilikuwa naogopa kusahau sura yake."

Miaka sita. Na mimi siku zote hizi nilifikiri niko naogopa peke yangu. Nikamuvuta kifuani, tukakaa vile mpaka akalala.

Bwana yangu pia analala. Mvua imeanza kidogo, inapiga ukuta wa mulango. Nimeiacha, ifute ile sura ikitaka.