Mshiriki Namba Ishirini na Saba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi wewe, wifi na wanangu wote, pamoja na bibi harusi wetu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mgongo wako umepoa tangu ulipobadilisha kile kiti cha ofisini. Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, tena mzima kuliko unavyodhani, na hilo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia kabla sijamaliza kusalimia, nawe ungedhani kuna msiba. Hakuna msiba, Kaka. Lakini kuna jambo la juzi Alhamisi ambalo lazima ulijue kutoka kwangu.

Unajua nilipata kazi chuoni, ila sikuwahi kukueleza vizuri ni kazi gani. Kuna profesa mmoja, tunamwita Profesa Buti kwa sababu huja ofisini na mabuti yenye tope hata siku ya kikao na wakubwa. Anatafiti faida za kutoka nje: kutembea msituni, kujifunza mimea na ndege, kusoma ramani. Amechukua watu wazima wenye presha, akawagawa makundi mawili. Kundi moja linaendelea na maisha yake kama kawaida. La pili linakwenda msituni, ule ule wa nyuma ya mji, kila Jumanne na Alhamisi pamoja na mwongozaji. Wote wanavaa saa inayohesabu hatua, wanapimwa presha, na kila wiki wanaandika kwenye daftari yale waliyoyaona na walivyojisikia. Hakuna anayepokelewa bila barua ya daktari inayosema anaruhusiwa kutembea.

Kazi yangu ni kusoma madaftari hayo na kuyaingiza kwenye kompyuta. Majina yamefungiwa kabatini kwa Profesa, sisi tunaona namba tu. Chumba chetu hakina dirisha, kipo kati ya mashine ya kurudufu na stoo ya mahema. Tunatafiti faida za jua chini ya taa ya umeme. Mwenzangu wa meza ya pili husema mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nacheka naye.

Utafiti una miezi mitano sasa, na madaftari yamekusanywa kwa mara ya kwanza wiki hii. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshamaliza kumi na mawili nikafungua la mshiriki namba ishirini na saba. Kaka, kabla sijasoma neno nililiona lile saba. Lilikuwa na mkanda tumboni. Tarehe ilikuwa imepigiwa mstari chini, mistari miwili, kwa rula. Nani mwingine duniani anapigia tarehe mistari miwili kwa rula, isipokuwa mtu aliyekaa dirishani posta miaka thelathini na moja?

Nilijiambia makarani wa posta ni wengi. Nikasoma. Aliandika kwamba wamepanda mpaka kwenye mawe meupe, na amepumzika mara mbili tu, wakati mshiriki wa namba thelathini, mwanamume mzima, amepumzika mara nne na bado analalamika. Kwamba mwongozaji amewafundisha kutumia dira, na yeye ndiye aliyeshika upesi kuliko wote. Halafu nikafika hapa: “Binti yangu yuko kazini. Anajua nimelala, miguu juu ya mto. Nikirudi naosha viatu kwa jirani, maana tope halijui kutunza siri.”

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwenzangu aliniuliza kama nimeona nyoka. Nilimwambia ni njaa, nikaendelea kusoma nikiwa nimesimama, na ningejua nisingeendelea. Ukurasa wa wiki ya tisa aliandika hivi, nakunakilia kama ulivyo: “Leo tumepita ngazi za mto, pale mzee wangu alipoanguka. Nilidhani nitalia. Nilikuta maji yanapita na mwanamke anafua mablanketi. Nikamsalimia mzee wangu kimoyomoyo. Miaka mitatu sikuruhusiwa hata kuja kumuaga.”

Niliweka daftari chini, nikachukua mkoba, nikatoka bila kuaga mtu. Unajua mimi huwa narudi nyumbani saa saba mchana kumchungulia Mama. Nafungua mlango wa chumba kidogo tu, namwona amejifunika amegeukia ukutani, nafunga polepole, narudi kazini. Mara ngapi nimekupigia simu nikiwa njiani nikakwambia mama yetu amelala kama mtoto? Basi juzi sikuchungulia. Niliingia, nikafunua blanketi. Kaka, palikuwa na mito miwili na koti la Baba lile la kijivu, limekunjwa vizuri kwa umbo la mgongo. Kwa juu, pale pa kichwa, kofia yake ya sufu imejazwa vitambaa. Nilikaa juu ya kitanda kile nikashindwa kujua kama nacheka au nalia. Miezi mitano nimekuwa nikiyanyatia mito.

Nikaenda kwa jirani, yule mshonaji tunayemwita Fundi Sindano. Alikuwa anapindia sketi za shule, wala hakuinua uso. Nilimuuliza Mama yuko wapi. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku hizi Alhamisi wanarudi saa nane, kwa hiyo nikitaka nimngoje, au nikitaka niende langoni kwa msitu, maana si mbali kwa mwenye miguu. Akaongeza kwamba viatu vya Mama na saa yake ya kuhesabu hatua huwa anavitunza yeye chini ya cherehani, na hana la kuomba radhi, kwa kuwa mtu mzima kutoka nyumbani kwake si wizi.

Nilikwenda langoni. Jua lilikuwa kali nami nimevaa viatu vya ofisini. Njia nzima nilikuwa namwona amelala chini mahali kama Baba, tena peke yake. Unakumbuka Mama alivyokaa naye kwa saa mbili pale mtoni, kichwa chake mapajani, mpaka akapita mtu wa kuni? Mimi nilikuwa naiona picha hiyo hiyo, safari hii hakuna wa kumpakata.

Halafu nikasikia watu wanacheka. Wakatokea wakishuka, kama kumi na wanne hivi, na Mama alikuwa wa pili kutoka mbele. Alikuwa amevaa suruali, Kaka. Suruali, na dira imening'inia shingoni, na fimbo mkononi. Alikuwa anamweleza mwongozaji jambo, kijana wa watu anamsikiliza kama mwanafunzi. Aliponiona alisimama. Nilidhani atashtuka, lakini aliyeshtuka ni mimi peke yangu. Alinitazama kuanzia usoni hadi kwenye vile viatu, akanipa fimbo.

“Shika hii,” akasema, “nifunge kamba ya kiatu.”

Akainama mwenyewe, akafunga, akainuka mwenyewe. Tukarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Sasa Kaka, hapa ndipo penye mwiba, na nimezunguka kurasa hizi zote kwa sababu naogopa kufika. Unakumbuka miezi sita baada ya mazishi ya Baba, Mama alipoanza kukosa pumzi na kizunguzungu, nikampeleka kwa daktari. Nilikupigia simu jioni ile nikakwambia daktari amesema moyo wake ni dhaifu: asitembee, asipande ngazi, asisafiri, la sivyo tutampoteza. Uliniamini. Ulilia kwenye simu ukaniambia nimtunze.

Daktari hakusema hivyo. Mama alikuwa amekwenda dirishani kuchukua dawa, nami nikabaki na daktari. Alisema ni presha, ameiona mapema, dawa zitasaidia, na huzuni nayo ina sehemu yake. Akasema atembee kila siku, nusu saa, aanze polepole. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilimwambia ahsante. Nikatoka, nikamwona Mama kwenye foleni ameegemea ukuta, mdogo, amevaa nguo nyeusi, nikaona ngazi za mto. Mdomo wangu ukasema maneno mengine. Sikuyapanga. Lakini kesho yake sikuyarudisha, wala keshokutwa, na uongo ukishakaa mwezi mmoja ndani ya nyumba unakuwa na kiti chake.

Nikamfungia mama yetu miaka mitatu. Nikahamisha kitanda chake kikae mbali na dirisha, eti upepo. Nikamnyima bustani, nikamnyima soko, hata dawa zake kwa daktari nikawa naziendea mimi. Na mwanao wa kwanza alipooa, Mama akaomba kwa machozi kuja, ni safari ya basi ya siku moja tu, nawe ukamwambia asitake kufia njiani kwa ajili ya sherehe, yale hayakuwa maneno yako. Yalikuwa yangu. Aliitazama harusi ya mjukuu wake kwenye simu yangu, ikakatika kabla ya bibi harusi kuingia.

Haya yote nilimwambia Mama juzi jikoni, miguu yake iko kwenye beseni la maji ya moto, mimi nimekaa juu ya ndoo. Nilimwambia mpaka mwisho. Nilitegemea atapiga kelele. Alichukua taulo, akakausha vidole kimoja kimoja.

“Najua,” akasema. “Daktari alinieleza siku niliyokwenda kuomba ile barua.”

Kumbe tangazo la utafiti nililileta mimi mwenyewe, nilikuwa nimefungia vitunguu. Alilisoma, akajifunga kanga, akamchukua Fundi Sindano wakaenda kwa daktari kumsihi ampe ruhusa japo ya dakika tano. Daktari akashangaa. Akamfungulia faili, akamsomea alichoniambia mimi siku ile na tarehe yake. Kwa hiyo miezi mitano Mama amekula nami mezani, ameniuliza habari za kazi, ameniambia nivae sweta, huku anajua. Nilimuuliza kwa nini hakunisema. Akajibu kwamba alikuwa ananingoja. Kila jioni nikiingia alikuwa anadhani labda ni leo. Madaftari alidhani yanasomwa na Profesa peke yake. Angejua ni mimi, amesema, angeandika mengine makali zaidi.

Nilianza kujitetea kwamba niliogopa, baada ya yaliyompata Baba. Hapo ndipo aliponikata.

“Aliyeanguka ni baba yenu,” akasema. “Mimi sikuanguka. Wewe ndiye uliyenilaza.”

Kaka, nimeyasikia maneno hayo tangu juzi kila nikifumba macho. Ya miguu yake na kitanda chake amenisamehe, ameyasema kwa kinywa chake. Harusi hajanisamehe. Amesema hiyo si yake peke yake, ni yako pia, na kwamba nikuandikie kwa mkono wangu, nisipunguze kitu. Ameketi hapa anamenya viazi wakati naandika, na hajauliza nimefika wapi.

Jana nilimweleza Profesa Buti, kwa sababu si haki mimi kusoma daftari la mama yangu. Ya nyumbani hakuniuliza. Madaftari ya kundi zima la msituni amempa mwenzangu. Kuhusu namba ishirini na saba, alitaka kumwondoa, Mama akampigia simu mwenyewe, sijui walizungumza nini, ila amebaki. Nilimuuliza Profesa kama ni msitu uliomponya. Akasema mtu mmoja si ushahidi, tungoje mwisho. Mimi najua tu kwamba presha yake ya wiki iliyopita ni nzuri kuliko yangu.

Mwezi ujao matembezi yao yakiisha, Mama atakuja kwenu kumwona bibi harusi. Ameshaulizia basi. Anasema usije kumbeba stendi, umwelekeze njia tu. Mimi sikuombi unisamehe katika barua hii. Kasirika kwanza, una haki yako, na ukitaka kunigombeza nigombeze, nitanyamaza.

Ila kuna jambo moja la mwisho. Tangu tumzike Baba, mimi sijawahi kufika pale mtoni, hata mara moja. Nilikuwa nazunguka mji mzima ili nisione lile lango. Mama amelijua hilo pia. Kesho Jumapili asubuhi ananipeleka. Ameniazimia viatu kwa Fundi Sindano. Nimemwambia naogopa, akasema anajua, tutapumzika mara nyingi kadiri nitakavyotaka.

Msalimie sana wifi, uwabusu wanangu, na bibi harusi mwambie shangazi yake wa huku atamwomba radhi ana kwa ana. Mama naye amesema niandike hapa chini kwamba yeye hajambo. Safari hii ni kweli.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyekuwa ukimwita

Kijiko