Mimi, Twiga na Bibi Harusi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limetulia tangu uache kuzipanda zile ngazi. Huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula kama wamekatazwa kesho, na baba yao anakusalimu sana. Cherehani yangu haipumziki. Msimu wa sare za shule umeingia, hata sebuleni hakuna pa kukanyaga.

Mama, nina habari za Twiga. Najua hupendi kulisikia jina hilo la utani la rafiki yangu. Nilipoanguka kutoka mgongoni mwa farasi nikavunjika nyonga, ulimwambia asikanyage tena kwako, kwa kuwa yeye ndiye aliyenizoesha banda la farasi. Hakubishana nawe. Aliitikia, akaondoka, na hajawahi kukusema vibaya. Lakini urafiki wetu haukuishia mlangoni pako. Tulianza wasichana wa shule mbili tofauti, tumeng'ang'ania uzio mmoja, tukigombania nani ampe karoti yule farasi jike tuliyemwita Bibi Harusi, maana hakutoka bandani bila kubembelezwa. Leo Twiga anaendesha lori, mimi nashona, na Bibi Harusi ana mvi usoni.

Mwezi uliopita Twiga alinipigia simu. Alisema Bibi Harusi tumbo limemsokota, anataka kujilaza agaegae, na daktari wa mifugo yuko mbali. Niliacha sare mezani, nikashika fimbo yangu, nikaenda. Mwenye banda ni mzee sasa, nguvu za kumzuia farasi hana. Basi tukapokezana hatamu ili asilale akajipinda utumbo, Twiga akimzungusha uani, akichoka nashika mimi. Farasi alitiririka jasho, kila mara akigeuka kuutazama ubavu wake kama anayeuliza kuna nini humo. Nyonga ilinichoma. Twiga akaniambia nikichoka niseme, nisimwonee haya. Nikamjibu aangalie miguu yake mirefu, ya kwangu nitaisimamia mwenyewe. Tulicheka, Mama, huku machozi yanatulenga.

Daktari alifika, akampa dawa kwa mpira wa puani, na jioni Bibi Harusi akapata choo. Sijawahi kufurahia mavi kiasi kile.

Farasi alipokwisha kupona, mwenye banda alituita. Alisema umri umemwelemea, na hataki farasi wake waangukie kwa mtu atakayewaona mzigo. Akatuomba tulichukue banda tuliendeshe sisi. Twiga alinitazama, akasema, "Bila wewe silitaki."

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili nilipanda farasi. Alikuwa binti wa Bibi Harusi, mtulivu kuliko mama yake. Twiga alishika hatamu, mimi nikishikilia manyoya ya shingoni. Tulipofika kwenye uzio nikamwambia aachie, naye akaachia. Nikauzunguka uwanja wote peke yangu. Sikukuomba ruhusa kwa sababu jibu lako nalijua, nami ni mtu mzima. Banda tumelikubali. Asubuhi nitashona, jioni nitakuwa na farasi, na mkweo ameshaanza kupaka milango rangi, tena kwa mbwembwe.

Niliposhuka nilimuuliza Twiga kama ana kinyongo nawe. Alimsugua farasi shingoni, kisha akasema, "Mama aliogopa kukupoteza. Hata mimi niliogopa. Ila mimi sikuwa na wa kumfukuza."

Nimeyabeba maneno hayo siku zote hizi, nikaona si yangu peke yangu.

Mwisho wa mwezi nitakuja kukuona, na Twiga ndiye atakayeendesha. Alitaka kunisubiri barabarani, nikamkatalia. Kwa hiyo, Mama, utaona wawili mlangoni. Ukitufungia, tutabisha tena, na unajua nani alinifundisha ukaidi.

Nisalimie kaka na majirani wote. Jifunike vizuri, na dawa ya goti usiikwepe.

Ni mimi binti yako,
fundi cherehani, na sasa mpanda farasi.