Dodoso la Tatu kwa Mama Neema

Jumatano, Miyuji

Eti makala tatu! Dokta, msimamizi wangu, anataka utafiti mmoja uzae makala tatu, la sivyo sitetei tasnifu mwaka huu. "Chapisha, dada, chapisha," anasema, kana kwamba nafyatua tofali.

Basi leo nimerudi Makutupora kwa Mama Neema, mkulima wa zabibu, na dodoso lile lile kwa mara ya tatu. Nimemkuta anavuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume ni yule yule, shamba ni ekari moja na nusu, na watoto hawajaongezeka. Andika, mwanangu, nina kazi."

Nikaandika. Aibu imenishika, lakini nikaandika. Makala mbili za kwanza hata sijamwonyesha. Angezisoma nani, na Kiingereza kile?

Swali la mwisho: changamoto kubwa ya kilimo chako ni ipi? Siku zote alikuwa anajibu ukungu na madalali. Leo amenitazama, mkasi mkononi, akasema, "Watafiti."

Jioni nimempigia Dokta nikamsimulia, nikidhani atanionea huruma aniache nipumue.

Amefurahi mno. Anasema hiyo ni makala ya nne.