Dawa Inayopimwa Ulaya

Jumanne, Mirdif, ughaibuni. Baada ya Magharibi.

Leo nimemuuliza madam ninayemfanyia kazi za ndani. Alhamdulillahi, angalau nimethubutu. Kazi yake, anayoifanyia hapa nyumbani kwa mtandao, ni kuziunganisha nchi za Ulaya zipime pamoja kama dawa mpya inaishinda ya zamani. Wiki hii wanapima ya selimundu, ugonjwa wa damu wa binti yangu Zuhura kule Tanga. Mimi nilidhani wakikubaliana, inatoka kwa wote.

“Madam, na kwetu itafika?”

“Mwanaidi, hata huko kila nchi itaamua yenyewe kama itailipia. Nyinyi hamumo.” Kwa upole kabisa. Akanisogezea kikombe.

Nikamimina chai. Mkataba umebaki mwaka na nusu, siwezi hata kwenda kumkanda Zuhura miguu ikimuuma.

Zuhura kanitumia ujumbe wa sauti: “Mama, umeuliza?”

Nimemjibu, “Bado, mwanangu.” Ya Rabbi, nisamehe.