Njahi ya Jumapili

Kabura, uko? Nimetoka kwa dadangu Njoki hapa Skuta saa hii na sijui nianzie wapi.

Unajua vile kila Jumapili humpikia bwanake Mburu njahi, yale maharagwe meusi, na ndizi mbivu. Leo kulikuwa na wageni wa kanisa, wakamwambia Mburu ati alipata mke. Akafuta mdomo, akasema, "Mimi njahi niliacha kupenda kitambo."

Kitambo. Mbele ya watu.

Njoki akacheka kwanza. Akauliza tangu lini. Ati tangu binti yao Wangui azaliwe, ule wakati sisi wanawake tulimletea Njoki njahi ya mzazi, ya kuongeza maziwa, ikajaa nyumba, na Mburu akala hiyo hiyo mwezi mzima.

Kabura, Wangui ako chuo kikuu.

Wageni walipoenda, Njoki akamuuliza, "Na mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Sasa unapenda nini?"

Mburu akafikiria kabisa. Akasema hajui, asijisumbue.

Jikoni Njoki akaniambia polepole kwamba hata yeye hapendi tena njahi, inamjaza gesi. Halafu akaniomba nimnunulie ingine nikienda Karatina.

Nikamuuliza, ya nani sasa?

Akasema, "Jumapili lazima kitu iwe kwa moto."