Upande Mnene wa Moyo

Jumanne

Vidole bado vinanuka damu na sijali.

Jana kule Hurlingham, kwenye darasa la kujiandaa, nilichanganya pande za moyo kwenye mchoro: wa kulia nikauandika "kushoto". Mwalimu akacheka mbele ya wote. "Wewe, huo mtihani wa unesi wa Ijumaa achana nao tu." Nikainamia daftari. Huwa sijibu.

Leo Mama alinituma nyama hapa Waithaka. Nikamwomba Baba Kevo wa buchari anipasulie moyo wa mbuzi katikati. Foleni nzima ikaguna.

"Siste, unanunua ama unasoma?" mmoja wa foleni akauliza.

"Nasoma," nikasema. Kwa sauti!

Nikaugusa ndani. Upande mmoja ukuta ni mnene, wa pili mwembamba. Nikawaeleza, uso ukiniwaka: mnene ni wa kushoto, kwa sababu husukuma damu mwili mzima. Wa kulia huifikisha mapafuni tu.

Halafu mama mmoja akasema, "Haya nesi, sogea basi na sisi tupimiwe."

Naogopa bado. Lakini Ijumaa naenda. Kama ni kufeli, nitafeli nikiwa nimeufanya mtihani.