Lengalenga Yako Imesomwa

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Machi 2025. Ni miaka kumi na saba tangu nitoke Bihambwe.

Mdogo wangu Furaha,

Lengalenga yako imesomwa. Wanasayansi wa Kenya, Uholanzi na India wamegawana kazi, wakapanga vinasaba vyake vyote, herufi baada ya herufi, kama mtu anayesoma Biblia kuanzia Mwanzo bila kuruka majina ya mababu. Ile mboga uliyokuwa ukiipalilia nyuma ya jiko la mama!

Unakumbuka kwetu mbegu haiombwi, wala haitolewi mkononi? Ukimpa jirani kwa mkono, itaota kwa kinyongo. Mwenye shamba hugeuka, na jirani huiba kwa adabu. Wewe uligeuka huku ukipiga kelele: "Mwizi! Sikuoni, lakini harufu yako naijua, Mama Bahati!" Naye akajibu, "Nyamaza we mutoto, mukono haujajaa!"

Basi hao watu walipokuja hapa kambini kutafuta mboga za asili, niliweka kibuyu cha mbegu kitini, nikageukia ukuta. Wageni wakaanza kufunga mikoba yao. Aliyetuokoa ni Riziki, msichana wa Walikale, upande wa kwetu, anayefanya kazi nao. Alicheka hadi akakaa chini. "Papa, banawaza umekatala!" Kisha akawageukia wenzake na kuwaambia waibe.

Mbegu hizo zinatokana na zile ulizozifunga kwenye pembe ya kitenge cha mama asubuhi tuliyokimbia vita. Nimezipanda kila msimu. Sikuwa na kitu kingine chako cha kutunza.

Tulipofika Mushaki tuliwakuta majirani waliopaswa kumbeba bibi yetu. Hawakuwa naye. Ulishusha mzigo wako barabarani, ukageuka kurudi kumchukua. "Kaka, mutangulie na mama. Niko nakuja." Tulikungoja Sake mpaka Sake nayo ikaanza kukimbia. Mama alikufa akiuliza kama mlango umeachwa bila komeo, maana wewe ungefika umechelewa.

Juma lililopita Riziki alinipigia simu. Katika vinasaba vya lengalenga yako wameona kitu kinachoisaidia kustahimili baridi ya milimani, kitu ambacho nyingine walizozisoma hazina. Wanataka kujua kama bado inaota ilikotoka. "Papa, twende wote," alisema. "Utatuonyesha shamba. Ndo pale tutaanzia."

Nilimwambia nitafikiri, ingawa nilishafikiri zamani. Waliotoka kule mwaka jana wamenieleza: shamba la mama limechimbwa mahandaki, askari wanabadilishana, kila kundi linayachimba zaidi. Niliwauliza habari zako. Mmoja alisema mlionekana njiani, wewe na bibi mgongoni. Mwingine alisema hamkutoka nyumbani kabisa. Hakuna aliyewazika.

Ndivyo mambo yalivyo, Furaha. Watu wa nchi tatu wanajua kila herufi ya mboga uliyoipanda, na hakuna hata mmoja duniani anayejua ulipolala. Nikiwaongoza mpaka shambani, wao watainama kutafuta majani. Mimi nitainama kutafuta kitu kingine, na ninaogopa nitakipata.

Nimempa Riziki majina ya vijito na upande jua linakochomoza, inatosha kupafikia. Nimemwomba aandike kwamba mkulima wa mbegu hiyo ni wewe. Waende salama.

Mimi sitarudi.

Kaka yako